Tovuti ya Parokia Imtumikie Nani Kwanza?

Jumamosi moja jioni, wiki ya pili baada ya kuhamia mtaa mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, nilitafuta kwenye simu saa za Misa za parokia iliyo karibu. Tovuti ilifunguka taratibu sana: kwanza picha kubwa ya kanisa, kisha ya pili, kisha ya tatu, halafu salamu ndefu za Noeli ambayo ilikwisha kupita miaka mitatu. Saa za Misa nilizikuta chini kabisa, zimeandikwa "7:00 na 9:30", bila neno asubuhi wala mchana. Nilizisoma Kizungu, yaani saa moja na saa tatu na nusu, nikafika kanisani kesho yake saa moja kasorobo asubuhi na kukuta waamini wamo kwenye msururu wa kutoa sadaka. Misa ya kwanza ilianza saa kumi na mbili. Ratiba ilikuwa imebadilishwa siku nyingi, ikatangazwa altareni, ikatumwa katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya zote, yaani vikundi vya waamini wa mtaa mmoja wanaosali pamoja. Asiyejua nilikuwa mimi tu, niliyekuwa bado sijaingia jumuiya yoyote.

Katika vikao vya halmashauri walei, yaani baraza la waamini wasio mapadre, nilivyowahi kuhudhuria, suala la tovuti hugawa watu pande mbili, na kila upande una hoja nzito. Upande wa kwanza, ambao mara nyingi ni wa wazee na viongozi wa jumuiya, husema kwamba parokia ina njia zake za mawasiliano na zinatosha: matangazo yanayosomwa baada ya Komunyo, ubao ulio nje ya ofisi, mwenyekiti wa jumuiya, na siku hizi kundi la WhatsApp ambamo taarifa ya msiba huenea kabla ya maturubai kufungwa. Upande wa pili, wa vijana na wa wazazi wenye watoto walio mbali, huona si sawa parokia yenye maelfu ya waamini isipatikane mtandaoni isipokuwa kwa picha za harusi zilizowekwa na wapita njia.

Hoja ya wazee isidhaniwe kuwa ni woga wa mambo mapya. Parokia zetu zimesimama juu ya jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na mkutano wao mkuu wa mwaka 1976 ulijikita katika suala hilo hilo. Katika mfumo huu Mkristo hujulikana kwa kuonekana: anasali nyumba kwa nyumba, anachangia, anauguza, anazika. Ndiyo maana kijana anapokwenda kuandikisha ndoa, au mama anapopeleka mtoto abatizwe, swali la kwanza ofisini huwa "Unasali jumuiya gani?", na barua ya mwenyekiti ndiyo inayomfungulia njia. Tovuti inayomruhusu mtu kujaza fomu ya ubatizo akiwa amejilaza kwake inaweza kumpitisha pembeni ya jumuiya, akafika kwenye sakramenti kama mteja anayefuata huduma aliyoagiza, na jirani zake katika imani wasijue kwamba amepata mtoto.

Hofu hiyo ina mizizi katika mafundisho yenyewe ya Kanisa. Hati ya Vatican kuhusu Kanisa na Intaneti, iliyotolewa tarehe 22 Februari 2002, ilitamka wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni, na kwamba yale mtu anayoyapata huko hayawezi kuchukua nafasi ya uwepo halisi wa Kristo katika Ekaristi wala ya ibada inayoshirikiwa na jumuiya ya watu wa nyama na damu. Mwaka 2020 wenzetu wa Kenya walilionja jambo hilo: makanisa yalifungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, Misa zikafuatwa kwa simu na runinga, na ibada ziliporuhusiwa tena Julai ilikuwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu. Misa ya kwenye skrini iliwafariji wengi katika miezi ile, lakini hakuna aliyeweza kupokea Komunyo kupitia kwayo.

Pamoja na uzito wake wote, hoja ya wazee ina tundu moja kubwa: inamhesabu aliyekwisha kuwamo. Kundi la WhatsApp lina mlango unaofunguliwa kwa ndani. Huingii mpaka aliyemo akuingize. Matangazo ya baada ya Komunyo humfikia aliyekuja Misa. Ubao wa ofisi humfikia aliyefika ofisini. Yuko wapi, basi, muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kutaka kujua kama kuna Misa ya jioni? Yuko wapi mwanafunzi aliyetoka Bukoba jana, au mwanamume aliyeacha kusali miaka kumi na sasa anataka kuungama lakini anaona haya kumuuliza mtu? Ipo pia familia yenye mgonjwa mahututi, ambayo saa nane za usiku inatafuta namba ya simu ya padre. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 528, inamtaka paroko afanye jitihada ili Injili iwafikie pia walioacha kuishika dini na wasioikiri imani ya kweli. Na Papa Francis, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni mwaka 2014, alisema kwamba kuifungua milango ya makanisa ni kuifungua pia katika ulimwengu wa kidijiti, ili watu waweze kuingia, hali yao ya maisha iwe yoyote.

Msimamo wangu ni kwamba tovuti ya parokia ijengwe kwa ajili ya mtu huyo aliye nje, na kwamba karibu kila kosa ninaloliona katika tovuti za parokia linatokana na kujengwa kwa ajili ya walio ndani. Picha ya paroko na wageni rasmi siku ya kutabaruku kanisa inawafurahisha waliokuwapo. Historia ya parokia ya kurasa sita, yenye majina ya maparoko wote waliotangulia, ni kumbukumbu njema na istahili kutunzwa, lakini si kitu cha kumpokea nacho mgeni mlangoni. Mgeni anataka kujua Misa ni saa ngapi na kwa lugha gani, kitubio kinasikilizwa siku gani, ofisi inafunguliwa lini, anapiga simu namba gani, na akitoka barabara kuu ashuke kituo kipi. Hayo yakae juu kabisa, katika maandishi na si ndani ya picha ya bango, kwa sababu bango lililopigwa picha halisomeki vizuri kwenye simu ndogo, na anayetafuta kwa maneno hawezi kulipata.

Suala la kuandika saa, nililolikuta katika tovuti ile, linahitaji uangalifu zaidi ya linavyopewa. Programu nyingi za kutengenezea tovuti zimeundwa na watu wanaohesabu siku kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Katibu akiandika "12:30" akimaanisha mapambazuko, mgeni kutoka nje ataelewa mchana. Programu ikiandika "6:30", bibi aliyetoka kijijini ataelewa adhuhuri. Iandikwe kwa ukamilifu, "saa 12:30 asubuhi", na kama kuna ukurasa wa Kiingereza uandikwe kwa hesabu ya Kiingereza. Ratiba ibebe pia tarehe iliyohakikiwa mara ya mwisho, ili msomaji ajue kama anaweza kuitegemea.

Wapo wanaosema kwamba tovuti ya namna hii, yenye maandishi mengi na picha mbili au tatu, haivutii, na kwamba vijana wameuzoea mtandao unaong'aa. Sidharau hoja hiyo, kwa sababu uzuri ni sehemu ya ibada yetu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba altare isipambwe. Lakini waamini wengi hufungua tovuti kwa simu ya bei nafuu na kwa bando lililonunuliwa kwa siku, na ukurasa wenye picha nzito kumi zinazobadilishana hula bando hilo kabla saa ya Misa haijaonekana. Mvuto wa tovuti ya parokia uko mahali pengine. Uko katika picha moja nzuri ya watu wakiwa kwenye ibada badala ya jengo tupu, na katika Kiswahili kinachozungumza na mtu: "Kama umekaa muda mrefu bila kuungama, usiogope, padre yuko kila Jumamosi kuanzia saa 9:00 alasiri." Sentensi kama hiyo ina karibu ambayo hakuna rangi wala mapambo yatakayoitoa.

Hofu ya kwamba tovuti itaibomoa jumuiya nayo inategemea sana ukurasa mmoja ambao ni nadra kuuona. Orodha ya jumuiya ikiwekwa kwa mitaa, na kila moja ikionyesha siku na saa ya kusali, mgeni ataweza kuijua jumuiya yake kabla hajapata shida inayomlazimu kuitafuta. Sote tumeona uchungu unaotokea familia inapokuja na msiba na kuulizwa marehemu alikuwa akisali wapi, nao wakabaki wanatazamana. Namba za simu za wenyeviti si lazima ziwekwe hadharani, kwa kuwa wengine ni akina mama wanaoishi peke yao; namba ya ofisi inatosha, na ofisi ndiyo itakayomuunganisha mtu. Kwa utaratibu huo tovuti inampeleka mtu jumuiyani, na barua ya mwenyekiti inabaki na nafasi yake.

Vivyo hivyo kwa vyeti. Anayetaka kufunga ndoa huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, na kama alibatizwa hapa lakini anaishi Muscat au Toronto, kwa kawaida humtuma ndugu, ndugu akafika siku ambayo ofisi imefungwa, akarudi, akaambiwa hana mwaka wa ubatizo, akarudi tena. Aya moja ya tovuti ingeeleza kwamba katibu anahitaji jina kamili, majina ya wazazi, jina la msimamizi wa ubatizo na walau mwaka wa kukadiria ili aweze kulipekua daftari. Fomu ya kujaza mtandaoni haihitajiki hapo.

Fedha ndipo ninapositasita zaidi. Wanaotaka namba za kutolea zaka na sadaka ziwekwe wana sababu, hasa kwa waamini walio safarini au walio mbali, na ni kweli kwamba sadaka kwa simu imekuwa jambo la kawaida. Lakini mahali popote panapotajwa namba ya kupokelea fedha, matapeli hufuata, wakatengeneza ukurasa unaofanana na wa parokia na kubadilisha tarakimu mbili. Naona namba ziwekwe, ziwe zimesajiliwa kwa jina la parokia na kamwe si la mtu binafsi, na zitangazwe kanisani pia ili kila mmoja aweze kulinganisha jina linalotokea kwenye simu kabla hajathibitisha. Kuhusu taarifa za mapato, kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa, na jumla ya mavuno na gharama za ujenzi zinaweza kuwekwa wazi bila madhara. Majina ya waliotoa na wasiotoa zaka ni jambo jingine. Kusomwa kanisani tayari kunawaumiza wengi. Kuwekwa mtandaoni, ambako hakufutiki, ni kumwanika mjane aliyekosa mwaka huu mbele ya dunia nzima. Bwana wetu alisema, "Wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume."

Picha za watoto wa Komunyo ya kwanza zinaingia katika mzani huo huo. Wazazi huzipenda, lakini picha yenye sura ya mtoto, jina lake, jumuiya yake na shule anayosoma inampa mtu mbaya kila anachohitaji. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kanuni ya 220 ya Kanisa ilikwisha kulinda faragha ya mwamini kabla ya hapo. Mzazi aombwe ridhaa kwa maandishi, na majina yasiambatane na sura.

Linabaki swali la nani ataihudumia, na hapa ndipo tovuti nyingi zinapofia. Vijana hupenda kumtaja Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, ambaye kazi yake ya kukusanya miujiza ya Ekaristi katika tovuti inajulikana kote. Ni mfano mzuri, lakini kijana wetu atamaliza chuo, atapata kazi Mwanza, na ataondoka na neno la siri. Parokia isiyo na mtu wa kuihakiki ratiba kila wiki naishauri isianze kwanza, kwa sababu ratiba iliyopitwa na wakati humpoteza mtu kuliko kukosa ratiba. Inayoanza, impe kazi hiyo katibu wa ofisi, ambaye hata sasa ndiye anayeandika matangazo ya Jumapili, na vijana wamsaidie. Jina la tovuti lisajiliwe kwa parokia, ada yake ya mwaka iingie katika bajeti kama inavyoingia luku ya kanisa, na paroko anapohamishwa, neno la siri likabidhiwe kwa maandishi pamoja na funguo, mihuri na daftari la ubatizo.