Mtoto hajamaliza biskuti, ashaambiwa aombee wageni

Jumapili iliyopita tulienda na kikundi chetu cha kanisani kupeleka vitu kwenye kituo kimoja cha watoto yatima, sitakitaja, maana wanaokiendesha ni watu wazuri tu na hili jambo lipo kila mahali. Tumeshusha unga, sukari, sabuni za miche na magodoro mawili, jasho halijakauka watoto washapangwa mstari, wadogo mbele. Kabinti ka kama miaka saba hivi kakaambiwa haya, waombee wageni. Kakafumba macho kakaanza, maneno yamenyooka kama ya mchungaji, "Baba uwabariki wageni hawa, mifuko yao isipungukiwe". Mkononi kameshika biskuti iliyoumwa mara moja, na nikaona jicho moja limefunguka kidogo linaichungulia. Simu zetu zote zilikuwa juu, yangu ikiwemo.

Mimi ni mtu wa maombi, tuelewane. Sijaja hapa kusema dini itolewe kwenye vituo, bila makanisa na misikiti sijui hao watoto wangekula nini. Ila lile jambo la biskuti limenikaa.

Ukikaa na watu wanaoendesha vituo kwa imani dakika kumi haziishi hujasikia jina la George Müller, yule Mjerumani aliyehamia Uingereza akafungua vituo Bristol na hakuwa anamwomba mtu hela, anamwomba Mungu tu. Utapigiwa ile ya watoto wamekaa mezani hakuna chakula, Müller akashukuru, mara mwoka mikate huyo mlangoni. Sawa, amina. Mimi huwa napenda zaidi ile ya mwaka 1836 anafungua nyumba ya kwanza ya kupanga, ya wasichana 30: aliombea hela, akaombea vyombo, akaombea wafanyakazi, siku ya kuandikisha ikafika akakaa hakutokea mtoto hata mmoja. Alisahau kuombea watoto! Na alikiri mwenyewe, akaomba jioni ile ile, kesho yake mtu wa kwanza akaja kumwombea mtoto nafasi.

Kinachorukwa kwenye mahubiri ni kwamba yale maombi yalikuwa yanafanyika ndani, mlango umefungwa, yeye na wafanyakazi wake, na wafanyakazi walikatazwa kumwambia mtu wa nje kwamba leo hakuna hela. Mwishoni mwa 1841 hali ilikuwa mbaya kweli, senti za kuhesabu, na ndo ulikuwa muda wa kutoa ripoti ya mwaka na kuitisha mikutano, akaahirisha, kisa watu wasije wakadhani anawatega wamchangie. Hebu fikiria mkurugenzi wa leo anaahirisha ripoti kwa sababu ameishiwa, wakati sisi tukiishiwa ndo video zinaongezeka. Halafu mkate na maziwa alikuwa hakopi, anataka kulipa hapo hapo, na kila aliyetoa alipewa risiti, hata aliyeleta vijisenti. Kufika 1870 alikuwa na majengo matano makubwa yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000 na bado daftari linasomeka. Kuna wanaosema hizo ripoti zenyewe ndo zilikuwa matangazo yake, na kidogo wana hoja, mtu akisoma jinsi mlivyolala bila senti lazima mkono uende mfukoni. Lakini hakumsimamisha mtoto mbele ya tajiri amlipie kwa sala.

Maana ndo kinachofanyika hapo, tusifichane. Mtoto anajua kabisa hii sala ni malipo ya unga. Akiombea vizuri wageni watarudi, akigoma ataambiwa hana shukrani. Na wengi wao wana bibi au mjomba huko nje, na wana wenzao wa darasani ambao nyumbani kuna simu, kesho anachekwa, "tumekuona ukiombea matajiri".

Tulipokuwa tunaaga nikamfuata mama mlezi jikoni, anachambua maharage, nikamuuliza hivi mwezi ukikata mnafanyaje. Hakunijibu, akanyoosha mkono juu ya kabati akanipa daftari la shule limechakaa, mbele ni matumizi, mchele kilo nne, mkaa, nauli ya hospitali. Nyuma ameligeuza, ameandika kwa peni nyekundu: gesi, viatu vitatu, kikohozi cha mdogo, yule mkubwa arudi shule. Viatu amevikata mstari. Kikohozi bado. Akasema hayo huwa anayapeleka saa kumi alfajiri kabla hajawasha jiko, watoto wamelala, halafu akalichukua daftari lake akalirudisha juu ya kabati akaendelea na maharage.

Ile video nimeifuta kwenye simu yangu. Kwenye grupu letu la WhatsApp bado ipo, na watu wameweka zile emoji za mikono.