Kitalu nyumba cha nyanya: kizuie mvua, kiache upepo

Vitalu nyumba vingi vya nyumbani huku Arusha, Kilimanjaro na Lushoto vimefungwa nailoni kuanzia paa hadi chini, kana kwamba kazi yake ni kutunza joto. Huko Uholanzi mkulima anahitaji joto hilo, kwa sababu wakati wa baridi hulazimika kuchoma gesi ili mimea yake isife. Sisi jua tunalo mwaka mzima. Kinachotuulia nyanya ni mvua ya masika: majani yakilowa saa nyingi kwenye ubaridi, bakajani chelewa, ugonjwa unaooza majani na matunda, humaliza shamba ndani ya wiki moja. Kwa maoni yangu, kitalu nyumba chetu ni mwavuli, na kila uamuzi, kuanzia dirisha hadi tarehe ya kusia mbegu, utokane na hilo.

Nyanya hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 27. Joto likipita 32 hivi, chavua hudhoofika na maua hudondoka, na tunda lililokwisha kushika huiva la manjano badala ya kuwa jekundu. Ndani ya nailoni iliyofungwa, saa saba mchana mwezi wa Januari, nyuzi 40 hufika kirahisi. Kwa hiyo kitalu cha mita 5 kwa 8 kiwe na uwazi wa nusu mita kwenye mgongo wote wa paa, upande mmoja wa paa ukipanda juu ya mwingine ili mvua isiingie, na mdomo wa uwazi uupe kisogo upepo unaovuma zaidi eneo lako. Ubavuni weka neti ya mita moja na nusu kwa urefu wote, na pazia la nailoni la kushusha na kupandisha. Neti laini inayozuia inzi weupe hupunguza upepo pia, kwa hiyo ukiichagua, panua madirisha.

Hesabu ya msimu ianzie masika, kisha urudi nyuma. Kwa kawaida bei ya nyanya hupanda Aprili na Mei kwa sababu za mashambani zimeoza. Miche ya aina ndefu zinazopanda kamba hukaa kwenye kitalu cha mbegu wiki 4, na huanza kuchumwa takriban siku 70 baada ya kuhamishwa. Basi sia mwaka mpya, hamisha miche mwishoni mwa Januari, na uchume kuanzia mwanzo wa Aprili. Taabu ni kwamba miche inaingia ndani wakati kiangazi kimekolea. Itandazie juu neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, kuanzia saa tano hadi saa tisa, kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Kisha iondoe kabisa. Kivuli cha muda mrefu hurefusha mashina na kupunguza maua.

Kwenye eneo hilo la mita 5 kwa 8 yanatosha matuta 3 ya upana wa mita moja, mistari miwili kila tuta, sentimita 45 kati ya mche na mche. Ni kama miche 90. Kubana mstari wa ziada ni kuukaribisha ukungu, maana upepo hautapita tena kati ya majani. Machipukizi ya pembeni yang'oe kwa vidole asubuhi, yangali mafupi kuliko kidole. Kisu hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina.

Mche wenye matunda hunywa lita moja hadi moja na nusu kwa siku ya jua. Igawe asubuhi na mchana kwa mipira ya matone, na wakati wa masika punguza hadi nusu. Anayemwagilia kwa wingi kila siku ya tatu ndiye anayeona matunda yakioza kitako, halafu anakimbilia kununua mbolea ya kalisi. Mara nyingi kalisi imo udongoni. Kilichokosekana ni maji ya kila siku ya kuibeba hadi kwenye tunda.

Na kwa kuwa ndani upepo ni mdogo, tikisa kamba za nyanya kila baada ya siku moja, kati ya saa nne na saa sita, ili chavua idondoke.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndipo wengi hukosea. Kwa kuogopa baridi wanafunga mapazia usiku na mchana. Ingia humo saa kumi na mbili alfajiri uguse nailoni kwa ndani: matone yamejipanga, yanadondoka juu ya majani kama mvua uliyoikimbia. Shusha mapazia jioni, lakini yapandishe mara jua linapogusa paa, na uwazi wa juu usizibwe kamwe.

Kuna adui mmoja ambaye mwavuli haumzuii, nao ni mnyauko bakteria. Mche unalegea mchana ungali wa kijani, usiku unajikaza, siku chache baadaye umekufa. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usikitikise. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka kutoka kwenye mkato. Ukiziona, dawa ya kupulizia haitasaidia. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, uutie kwenye mfuko palepale, na ziba tundu la mpira linalodondoshea maji shimo lile. Vimelea hivyo hukaa udongoni miaka, na kubadilisha nyanya kwa hoho au biringanya ni kuvilisha tu. Msimu unaofuata panda kwenye mifuko ya lita 20, kwa udongo wa mahali pasipowahi kulimwa nyanya, viazi mviringo wala mnavu, na utandike nailoni chini ya mifuko ili mizizi isifike ardhini. Ama tumia miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa, kwenye shina linalostahimili ugonjwa huo.