Ruslana: manyoya jukwaani, kolomyika ndani ya wimbo

Likitajwa shindano la nyimbo la Ulaya, Eurovision, la 2004 pale Istanbul, watu humkumbuka mshindi wake, mwimbaji wa Ukraine Ruslana Lyzhychko, kwa mavazi: ngozi, manyoya, mikanda mipana, wachezaji wakikanyaga jukwaa kwa vishindo. Alipata pointi 280, Serbia na Montenegro wakabaki na 263, na Ukraine ilikuwa inashiriki kwa mara ya pili tu. Lawama zilianza mapema na hazijaisha: kwamba aliwachukua Wahutsuli, watu wa milima ya Karpati kusini-magharibi mwa Ukraine, akawageuza kioja cha porini ili auzike Ulaya. Lawama hiyo ina ukweli, na nitaufikia. Ila wengi wanaoirudia waliutazama wimbo wake, Wild Dances, hawakuusikiliza.

Tuanze na kolomyika, wimbo mfupi wa kuchezea uliobeba jina la mji wa Kolomyia. Aliyezoea mashairi yetu ya mizani 16 ataielewa upesi. Mshororo wake una mizani 14: ukwapi 8, utao 6. Lakini muziki wa pande hizo mbili una urefu ule ule, mapigo manne kila upande. Ukwapi unakwenda mbio, silabi mbili kwa kila pigo. Utao unaanza hivyo hivyo kwa silabi nne, kisha mbili za mwisho zinavutwa, kila moja ikichukua pigo zima. Hapo ndipo mguu unapopata nafasi ya kushuka kwa nguvu. Mtayarishaji asiyelijua hilo huona utao una pengo, akaongeza silabi mbili ili ulingane na ngoma ya kompyuta. Akishafanya hivyo, mchezo umekufa: kunabaki maneno yanayokimbia bila pa kutua.

Ruslana hakuwa wa kubahatisha mambo haya. Alihitimu katika chuo cha muziki cha Lviv kama mpiga piano na kiongozi wa okestra ya simfoni. Albamu yake ya 2003, Dyki tantsi (Ngoma za Porini), ina wimbo uitwao Kolomyika na mwingine uitwao Arkan, jina la ngoma ya duara ya wanaume wa Kihutsuli. Na lile “shydy-rydy-dana” la wimbo wa Istanbul ambalo wengi walidhani ni kelele tu za kuchangamsha ni kiitikio cha kolomyika za milimani.

Kisha kuna trembita, baragumu la mbao lenye urefu wa kiasi cha mita 3. Hutengenezwa kwa smereka, mti wa jamii ya misonobari: gogo hupasuliwa kwa urefu, nusu mbili huchimbwa hadi zibaki nyembamba, huunganishwa tena na kuzungushiwa gome la mti wa betula. Wachungaji huitumia kupashana habari, na hulia panapotokea msiba au harusi. Haina tundu wala kitufe. Midomo ya mpigaji ndiyo inayopanda kutoka sauti moja ya asili hadi nyingine, na urefu wa bomba umeshaamua sauti hizo ni zipi. Kwenye studio ndipo tabu inapoanza, kwa sababu sauti ya 7 katika mfuatano huo wa asili iko chini kidogo ya noti ya kinanda, na ya 11 inakaa karibu katikati ya noti mbili. Ukiziweka juu ya gitaa na kinanda, masikio ya watu wa redio yatasema trembita imekosea. Kwa hiyo wimbo wa pop hubakia na miito michache iliyo salama, hasa mwanzoni, kabla ala nyingine hazijaingia.

Je, huko ni kuuibia utamaduni? Kitu kinapotea, sikatai. Lakini Eurovision inaruhusu dakika 3 na watu 6 jukwaani, na tangu 1999 hakuna okestra: ala zote zinatoka kwenye rekodi, na mwaka ule sauti za waimbaji tu ndizo zilizokuwa za moja kwa moja. Kumlaumu Ruslana kwamba trembita haikupigwa kweli jukwaani ni kumbebesha kanuni za wenye shindano.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba wakosoaji humlinganisha na kijiji, ilhali msikilizaji wa Ukraine mwaka 2003 hakuwa na kijiji redioni. Alikuwa na pop ya Kirusi iliyotawala soko. Kwa upande wa jadi alikuwa na kile ambacho Waukraine wenyewe hukiita kwa dharau sharovarshchyna, kutokana na zile suruali pana za jukwaani: ngoma za vikundi vya dola vya enzi ya Kisovieti, zilizopigwa pasi, watu wakitabasamu muda wote. Ruslana aliivunja picha ya mwanakijiji mpole anayetumbuiza wageni. Kijana wa Kyiv aliyeona aibu kwa ngoma za bibi yake alizisikia zikishinda Ulaya nzima.

Sasa malalamiko ya Wahutsuli. Mtafiti wa muziki Maria Sonevytsky, aliyekaa nao, ameeleza jinsi baadhi yao walivyochukizwa na neno dyki katika jina la albamu. Likisemwa juu ya farasi au msitu, ni la porini. Likisemwa juu ya mtu, linakaribia lile la pwani yetu, mshenzi, na hakuna Mswahili asiyejua neno hilo linavyouma. Manyoya na ngozi zile hazikuwa vazi lao pia. Wahutsuli wana kizibao cha ngozi ya kondoo, kyptar, chenye tarizi inayochukua siku nyingi za mkono. Kukiweka kando na kuvaa kama shujaa wa filamu ulikuwa uamuzi wake, na hakuna kanuni iliyomlazimisha.

Vikundi vya Ukraine vilivyomfuata Eurovision vilichagua vingine. Go_A walikwenda Rotterdam 2021 na nyimbo za kuamkua masika, Kateryna Pavlenko akiimba kwa sauti nyeupe ya kijijini, ya koo wazi, bila kuilainisha, wakashika nafasi ya tano. Kalush Orchestra walishinda Turin 2022 na filimbi ya telenka, isiyo na matundu ya vidole, inayofuata sauti za asili kama trembita. Hakuna aliyehitaji kujiita wa porini. Muziki wa Ruslana ulikuwa umeshawazoesha wasikilizaji wa Ulaya sauti hizo miaka mingi kabla. Jina na manyoya ndivyo vilivyoachwa, na Wahutsuli walikuwa wamesema hivyo tangu mwanzo.