Ukwaju Umepewa Uhamisho

Sina ugomvi na watu wa Ufilipino, na ningeomba jambo hilo liandikwe mahali pa wazi kabla sijaanza kusoma mashtaka yangu. Ni majirani wema, wana salamu na kicheko, na katika mji wa Dubai, ambako kila mtu hutembea amekunja uso kwa ajili ya deni lake, wao hata kwenye foleni ya basi huimba. Ugomvi wangu ni na sahani zao. Mimi ni mtu wa pwani ya Kenya, niliyelelewa kwa wali wa nazi, mchuzi wa ukwaju, karanga na ndizi za kila namna, na nilipokuja Ghuba kuhemea riziki niliamini kwamba hakuna kiumbe angeweza kunifundisha lolote kuhusu vitu hivyo. Kisha mwenzangu wa Malindi, tunayepanga naye chumba kimoja pamoja na watu wengine ambao idadi yao sitaitaja kwa kuwa mwenye nyumba anajua kusoma, akapitisha uamuzi kwamba tuwe tunakula katika mgahawa wa Wafilipino mtaani Satwa.

Hakupitisha uamuzi huo kwa kupenda tamaduni za watu. Aliupitisha kwa sababu mgahawa ule mdogo hutoza bei moja kwa kuku wa kuchoma, halafu humwongezea mteja wali kila anapoinua mkono, bila malipo ya ziada, mpaka mteja mwenyewe asalimu amri. Na mtu wa Malindi akishaahidiwa wali usiokwisha hasikii tena hoja nyingine yoyote, hata ikiletwa na wazee wa mtaa.

Mgahawa wenyewe uko chini ya ghorofa la zamani, kati ya kinyozi na duka la kutuma pesa. Una meza chache zilizofunikwa plastiki, na karibu nusu ya nafasi iliyobaki imekaliwa na maboksi makubwa yanayosubiri meli ya kwenda Manila, Cebu au Davao, kila moja likiwa limejazwa sabuni, chokoleti, nyama ya kopo na viatu vya watoto ambao miguu yao imekwisha kukua tangu viatu viliponunuliwa. Mimi huketishwa karibu na maboksi. Sijui nina sura gani inayowafanya wahudumu wanipange pamoja na mizigo.

Chakula hakisomwi, hutazamwa. Kimewekwa katika masinia nyuma ya kioo, na mteja hunyoosha kidole. Kile kilichonyooshewa kidole huwa chake, hata kama alikusudia kuuliza tu. Mhudumu naye hujibu kwa kubinua midomo upande wa kitu anachokitaja, ishara ambayo nyanya yangu aliitumia maisha yake yote kutuonyesha ulipo ufagio bila kuacha kupepeta mchele, kwa hiyo siwezi hata kujifanya sikuelewa. Tena kila mhudumu huniita kuya, yaani kaka mkubwa, pamoja na yule mwenye mvi. Mtu atalalamikaje juu ya mchuzi mbele ya watu waliokwisha kumfanya mkubwa wa ukoo?

Nianze na ukwaju. Kwetu ukwaju una kazi zinazojulikana: hufanywa maji ya kufuturia, hukoleza samaki wa kupaka, huchovewa bajia na viazi vya karai, na watoto huumumunya hadi ulimi ukachubuka. Satwa niliukuta ndani ya bakuli la supu, pamoja na nyama ya ng'ombe, figili, nyanya, bamia na mchicha wa majini, bila nazi ya kuutuliza wala sukari ya kuubembeleza. Supu hiyo huitwa sinigang. Kijiko cha kwanza kilinifumba jicho la kulia, cha pili kikanifumba la kushoto, na mwenzangu, ambaye alikuwa amekwisha kuinua mkono kuomba wali, alidhani naomba dua akaitikia amina.

Ndipo nilipong'amua lililotendeka. Huko Ufilipino vyakula vyetu vyote vipo, tena vizima na vyenye afya, ila vimepewa uhamisho kama watumishi wa serikali baada ya uchaguzi: karani wa bandari amepelekwa mbuga za wanyama, na daktari wa mifugo amekabidhiwa posta.

Chukua karanga. Kwetu zina kazi nyepesi ya kufungwa katika karatasi na kuuzwa jioni kwa watu wanaopunga upepo wa bahari. Huko zimesagwa, zikapelekwa kusimamia mkia wa ng'ombe. Huo ni mlo uitwao kare-kare, nao una mkia, utumbo, biringani na ua la mgomba, vyote vikiogelea katika mchuzi mzito wa karanga uliotiwa rangi ya mzingefuri. Mchuzi huo hupikwa ukiwa dorora kwa makusudi, kwa sababu chumvi yake imetengwa katika kibakuli cha pembeni, na chumvi yenyewe si chumvi bali ni uduvi waliochachushwa, ambao harufu yao hufika mezani mapema, ikavuta kiti, ikakaa, ndipo kibakuli kikafuata. Nililipa kwa ajili ya mlo mmoja, nikajikuta nafanya kazi ya mpishi ya kukadiria chumvi. Hakuna aliyenipunguzia bei.

Ndizi nazo zina lao. Mezani pana chupa ya sosi nyekundu, na mtu mwenye akili timamu huona wekundu akafikiri nyanya. Nilimwagia kuku, nikaonja, nikaisoma chupa: ni ndizi, zilizotiwa siki, sukari, viungo na rangi. Aliyebuni sosi hiyo ni mkemia Maria Orosa, aliyezaliwa mwaka 1893, akasomea Marekani, kisha akarudi kwao kuwafundisha watu kutumia mazao ya mashambani mwao badala ya kungoja makopo ya ng'ambo; nyanya zilikuwa adimu, ndizi zilikuwa tele, basi ndizi zikaajiriwa. Wakati wa vita alisaidia kupenyeza vyakula alivyovitengeneza kwa watu waliofungiwa kambini, na mwaka 1945 aliuawa katika mapigano ya Manila. Mnaliona tatizo langu? Haiwezekani kuitukana sosi ambayo mwanzilishi wake ni shujaa. Nimelazimika kuinyamazia na kuzihamishia hasira zangu kwenye tambi, ambazo hupikwa kwa sosi hiyohiyo, zikaongezwa sukari, soseji zilizokatwa vipande, na jibini juu, wakapewa watoto siku zao za kuzaliwa. Hata sisi tunapika tambi za sukari, zenye nazi, hiliki na zabibu, na hakuna asiyezipenda, lakini hatujapata kumkaribisha soseji. Kuna mipaka.

Kiazi kikuu ndicho kilichonitia uchungu zaidi, kwa kuwa nilikiheshimu. Kwetu huchemshwa asubuhi, kikaliwa na chai ya rangi, na wazee hukimega kwa adabu. Huko, kile chenye nyama ya zambarau, ambacho wao hukiita ube, kimepandishwa cheo kikawa aiskrimu, kikawa keki, kikawa jamu, na sasa kimekaa juu kabisa ya glasi ya halo-halo kikiwatazama wenzake waliobaki chini. Wenzake hao ni barafu iliyoparuzwa, maziwa ya kopo, fenesi, kastadi, vipande vya jeli ya maji ya nazi, dengu, na, Mola nisitiri, maharagwe mekundu. Nilichimba kwa kijiko kirefu nikifurahia, nikafika chini, nikayakuta maharagwe yameketi kwenye sukari yakinisubiri. Niligeuka nione kama jikoni kuna mtu anayetafuta maharagwe yake. Hakuna aliyeshtuka. Mtoto wa meza ya jirani alikuwa akiyafukua ya kwake kwa furaha ya mtu aliyegundua mafuta.

Vifaa vya kulia navyo vina utaratibu wake. Kisu hakiletwi. Huletwa uma wa mkono wa kushoto na kijiko cha mkono wa kulia. Uma husukuma, kijiko hukata na kubeba, na Mfilipino aliyezoea huweza kumvua kuku mifupa yote kwa vyombo hivyo viwili bila kuchafua kidole. Kuku wangu mimi aliruka akatua juu ya boksi la kwenda Cebu. Nilipoomba ruhusa ya kula kwa mkono, mhudumu alifurahi kupita kiasi, akanieleza kwa Kiingereza chetu cha Dubai kwamba kwao pia watu hula kwa mkono, na kwamba kwenye karamu hutandazwa majani ya mgomba juu ya meza nzima, ukamwagwa wali katikati, ukapangwa samaki na nyama juu yake, watu wakala bega kwa bega. Hapo nilikosa la kusema, na kukosa la kusema ni jambo ambalo sikulipia.

Nimejaribu kumtafuta wa kulaumiwa. Magellan, Mreno aliyetumwa na mfalme wa Hispania, alifika visiwani humo mwaka 1521, na watu wa Mactan wakamuua mwaka huohuo, jambo linaloonyesha kwamba siku hizo wateja walikuwa hawachekewi. Wahispania walirudi mwaka 1565, wakakaa hadi 1898, na hadi mwaka 1815 merikebu zao zilikuwa zikivuka bahari kati ya Manila na Acapulco, zikileta kutoka Meksiko kakao, mahindi na huo mzingefuri. Nasi tulipata Wareno wetu. Walitujengea Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, walituletea mahindi na muhogo, nasi mahindi tukayasonga ugali, muhogo tukautia nazi, mambo yakaisha kwa amani. Wafilipino walipopewa kakao waliipika pamoja na mchele unaonata, wakapata uji mtamu uitwao champorado, na hadi hapo mimi ni mtu wa kuvumilia. Lakini uji huo huliwa asubuhi pamoja na samaki mkavu wa chumvi. Mwenzangu amewahi kuniagizia. Kijiko cha uji wa chokoleti, tonge la ng'onda, kijiko cha uji. Tumbo langu lilituma ujumbe kuuliza kama mambo huko juu yako sawa.

Kitu kimoja tu hakijahamishwa, nacho kinaniudhi kuliko vyote. Mwatiko, samaki tunayemfuga katika mabwawa ya Kwale na Kilifi, ndiye kipenzi chao, na humwita bangus. Kila aliyewahi kumla anajua kwamba ana vimiba vidogo visivyo na idadi, na kwamba kwetu mazungumzo hukoma anapoletwa mezani, kila mtu akikabiliana na koo lake. Wafilipino wana watu wenye ujuzi wa kumpasua na kumng'oa vimiba hivyo kimoja kimoja kwa kibanio. Kisha humlaza katika siki na vitunguu saumu, wakamkaanga. Nilimla nikitafuta dosari hadi mkiani. Sikuiona. Mtu akija mahali kulalamika, halafu akapewa samaki asiye na mwiba, amenyimwa haki yake.

Haki hiyo niliirejeshewa mwezi Septemba. Sijui wengine wanauchukuliaje mwezi huo. Kwa Wafilipino, siku ya kwanza ya Septemba ndiyo siku Krismasi inapoanza. Nje joto la Dubai lilikuwa likiyeyusha kandambili, na ndani ya mgahawa kulikuwa na taa za rangi, nyota ya karatasi dirishani na nyimbo za theluji. Katika shamrashamra hizo mhudumu aliniletea zawadi ya bure kwa kuwa nimekuwa kaka wa siku nyingi: bibingka, ambayo huko kwao huuzwa nje ya makanisa alfajiri za Desemba. Niliifunua nikasisimka. Unga wa mchele, tui la nazi, sukari, imeokwa juu ya jani la mgomba: huyu alikuwa ndugu wa damu wa mkate wetu wa kumimina, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu wa kwetu akiwa katika kituo chake halali cha kazi. Kisha nikatazama juu yake. Palikuwa na jibini. Chini ya jibini palikuwa na yai la bata lililolazwa kwenye chumvi.

Niliomba kumwona mwenye mgahawa.

Akaja mama wa makamo aliyefunga aproni, akaniuliza kwanza kama nimekula, ijapokuwa sahani zilikuwa mbele yangu. Nikamweleza, kwa heshima zote anazostahili mama, kuhusu mkate wa kumimina, kuhusu ukwaju, kuhusu maharagwe, na kwamba jibini haina kibali cha kuwa mahali pale. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, kwa upole, sisi parachichi tunalila namna gani, maana wao hulisaga na maziwa, sukari na barafu.

Nikasema tunalikata, tukalitia chumvi, ndimu, kitunguu na pilipili, tukalila na pilau.

Yule mama alishika kifua. Aligeuka akaita jikoni kwa lugha yao, wakatoka wapishi wote, akatoka na yule mwenye mvi, wakanizunguka, nikatakiwa nirudie. Nikarudia. "Chumvi?" akauliza mmoja. Chumvi, nikasema. "Na kitunguu?" Na kitunguu. Kijana mmoja akanyoosha simu anipige picha. Mwenye mvi akaniwekea mkono begani, akaniita kuya kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Nikamgeukia mwenzangu wa Malindi anitetee kwa jina la pwani nzima, toka Vanga hadi Kiunga, nikamkuta ameinua mkono hewani, akiuliza, kwa kuwa jiko lote liko mezani kwetu, ni nani sasa atakayemletea wali.