Vidonge vya kichocho vigawiwe, lakini visigawiwe shuleni tu

Siku ya kingatiba, yaani ya kugawa dawa kwa wengi bila kumpima kila mmoja, katika shule za kandokando ya Ziwa Victoria, mtoto husimamishwa kwenye fimbo yenye alama. Urefu wake ndio unaoamua ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Ni vidonge vikubwa, vya miligramu 600, na ukivitafuna utavitema kwa uchungu. Madaktari wa mifugo huwapa mbwa wenye tegu dawa hiyohiyo. Kwa binadamu, huku kwetu kazi yake kubwa ni kutibu kichocho, ugonjwa wa minyoo ambao mtu huupata kwa kugusa maji yenye vimelea.

Wanaotetea ugawaji huu wana hoja nzito. Dozi moja huua sehemu kubwa ya minyoo waliokomaa, na mzazi halipi kitu, kwa kuwa kampuni ya Merck ya Ujerumani huipa WHO, Shirika la Afya Duniani, hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Kumwambia mtoto anayepata choo chenye damu asubiri mpaka bomba lifike kijijini ni kumtelekeza.

Wanaopinga nao hawasemi uongo. Dawa hii haiwaui minyoo wachanga walioingia mwilini karibuni, wala haizuii maambukizi mapya. Mtoto akimeza Ijumaa, Jumamosi yuko ziwani anateka maji, na konokono wanaobeba vimelea wako palepale kwenye matete. Hata Unguja na Pemba, ambako maambukizi yameshuka sana, bado kuna maeneo sugu, ambako ugonjwa haujashuka vya kutosha.

Mimi nasema tugawe, ila kwa upana zaidi. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza kwamba pale maambukizi yanapofikia asilimia 10, dawa iwafikie wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Mvuvi anayeshinda majini hayumo kwenye daftari la mwalimu. Mama anayefua ufukweni huku mwanawe wa miaka mitatu akioga pembeni yake hayumo, na mwanawe pia hayumo. Hao wasipotibiwa, na vyoo visipojengwa, mayai ya minyoo yataendelea kuingia ziwani.

Halafu kuna suala la kuaminiwa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro vurugu zilizuka shuleni, wazazi wakiamini watoto wao wamepewa sumu. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu hutokea, hasa kwa mwenye minyoo wengi, na kula kwanza hupunguza adha hiyo. Mzazi anastahili kuelezwa haya kwenye mkutano wa kijiji kabla ya siku yenyewe, na fedha ya uji iwekwe kwenye bajeti ya kingatiba, isiachiwe mwalimu mkuu aitafute asubuhi ile.