Sakafu Haipimwi kwa Kisigino

Jamani, huu mtindo wa kisigino nani aliuleta? Fundi anaitwa kuangalia kama sakafu ya ghorofani itabeba hodhi la kuogea. Anavua kofia, anasimama katikati ya bafu, anapiga kisigino mara mbili, du, du, halafu anatangaza: "Hapa hata trekta inakaa." Elfu ishirini ya nauli. Karibu tena.

Trekta lipi? La shambani tu, lile la kawaida, linavuka tani mbili. Na nani kakwambia mama mwenye nyumba anataka kuoga kwenye trekta?

Arusha ya mwezi wa saba tunaijua wenyewe. Maji ya bomba ukiyagusa saa kumi na mbili asubuhi unakumbuka dhambi zako zote, tena kwa mpangilio. Kwa hiyo mtu akikuta mzungu anayehama Njiro anauza hodhi la chuma cha kusubu, lenye miguu minne kama ya simba, ni nani atamzuia? Vijana sita, Canter moja, linafika Sakina. Muuzaji kaliita jakuzi. Halipulizi hata pumzi, lakini sawa, jakuzi.

Sasa pale Sakina ndipo fundi wetu alipopiga kisigino mbele ya ukoo mzima. Bahati yao mbaya, au nzuri, alikuwepo mzee mmoja, Meku, fundi zege mstaafu, ambaye hakuna aliyemwita. Wazee wa hivi huwa hawaitwi, wanatokea tu, kama kunguru kwenye mtama.

"Fundi, hili hodhi lina kilo ngapi?"

"Zito, Meku."

"Zito si kilo."

Kimya. Mama mwenye nyumba akatazama marumaru. Meku akaomba penseli ya seremala na karatasi ya mfuko wa simenti, akakaa juu ya ndoo, heshima zote, kama hakimu.

Hodhi la chuma cha kusubu la mita 1.7 tupu huwa kati ya kilo 120 na 180. Lile lilishawekwa kwenye mizani ya magunia kabla ya kupandishwa: 150. (Lingekuwa la plastiki ngumu lingekuwa na 30 au 40, na mjadala wote huu usingekuwepo.) Maji, lita 220, na lita moja ni kilo moja, hiyo haihitaji chuo. Muogaji, kilo 80. Jumla 450. Kweli, mtu akizama maji mengine hutokea kwenye tundu la ziada, lakini ukitaka kulala usingizi jumlisha vyote.

Eneo la hodhi: mita 1.7 mara 0.75, kama mita mraba 1.3. Gawanya, unapata karibu kilo 350 kwa kila mita mraba. Mhandisi wa nyumba ya kuishi kwa kawaida huhesabu watu na samani kilo 150 kwa mita mraba. Hapo shemeji mmoja akashika kichwa: "Tumekwisha!"

"Hujakwisha," Meku akasema. "Zile 150 ni za sakafu yote, kona mpaka kona. Slabu, hii sakafu ya zege na nondo, haishiki uzito pale tu ulipokaa, inausambaza. Chumba hiki ni mita 2.4 kwa 2. Na hapa ndani tumo saba. Kilo 70 kila mmoja, ni 490. Tumeshalizidi hodhi lenu na mtu wake. Tokeni."

Wakatoka. Fundi akatabasamu, kisigino chake kimeshinda. Angenyamaza hapo angeondoka na nauli yake. Lakini Meku wakati anatoka akajikwaa.

"Hiki kijingazi cha mlangoni ni cha nini?"

"Tulinyanyua kidogo, Meku. Kuficha bomba la inchi nne."

"Kidogo ni ngapi?"

"Sentimita kumi na tano hivi."

"Mkajaza nini?"

"Kifusi, na zege jepesi juu."

Jepesi! Ndugu zangu, kuna zege jepesi duniani, lakini si hili linalokorogwa kwa koleo getini. Kifusi na zege la kawaida ni kilo 2,000 kwa mita moja ya ujazo, na zaidi. Hesabu: 2.4 mara 2 mara 0.15, ni mita za ujazo 0.72. Kilo 1,440! Karibu tani moja na nusu iko chini ya marumaru tangu siku ya kuhamia, hailipi kodi, haijapigwa kisigino na mtu. Kwa mita mraba ni kilo 300, wakati mhandisi alikuwa amehesabu lipu ya sakafuni ya sentimita tano tu, kilo 100. Yaani watu wanalala macho kwa ajili ya kilo 450 za hodhi, huku mzigo mara tatu yake umepakwa grauti na kuwekewa zulia la manyoya.

Meku akashuka sebuleni, akatoboa dari ya jipsam, akamulika na simu. Kinachotafutwa chini ya slabu ni vitu vichache. Nyufa katikati ya upana, hasa zenye doa la kutu, maana nondo za chini ndizo zinazovutika. Zege lenyewe linajua kukandamizwa, kuvutwa haliwezi. Ufa mwembamba kama unywele usikutoe roho. Ufa unaomeza kitambulisho cha NIDA, muite mhandisi. Ufa wa mshazari karibu na bimu (boriti ya zege inayoshika slabu) au ukuta, muite leo. Na gonga kwa nyundo: zege zima linalia kavu, lililojitenga na nondo linalia kama debe.

Nyufa hazikuwepo. Kulikuwa na tundu la bomba, na pembeni ya tundu nondo mbili za milimita 12 zimekatwa kwa grainda, safi kabisa, zinang'aa.

Hapa mimi sina utani tena. Mtu analipia nondo, analipia fundi nondo wa kuzifunga, siku saba anamwagilia zege, siku 28 anasubiri likomae, halafu anakuja fundi bomba na grainda, anakata uti wa mgongo wa nyumba ili asogeze choo sentimita ishirini! Ukimuuliza anakwambia "zilikuwa zimenizuia njia". Zimekuzuia wewe! Weka kipande cha bomba cha kuacha tundu kabla zege halijamwagwa, au toboa katikati ya nondo na nondo. Inakuwaje kitu rahisi hivi kinatushinda miaka yote?

Haya. Suluhu ya pale: hodhi lisikae karibu na tundu, lisogezwe ukuta wa pili ambao chini yake kuna bimu; kifusi kitolewe chote, bomba lipite chini ya slabu na kufichwa na dari; na mhandisi aamue jinsi ya kuziba pengo la nondo. Chini ya kila mguu wa simba bamba la chuma la sentimita 20 kwa 20, kwa sababu kilo 450 kwa miguu minne ni zaidi ya kilo 110 kwenye kitu cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Marumaru iliyobandikwa kwa mabonge manne ya simenti pembeni, katikati hewa, itapasuka kabla hujavua kandambili.

Halafu jaribio. Chini ya slabu, ukuta hadi ukuta, vuta uzi wa fundi juu ya vibao viwili vya unene sawa, pima pengo la katikati. Andika. Usishangae slabu ikiwa imebonyea tangu kuzaliwa, mirunda, zile nguzo za kushikilia zege bichi, ililegea siku ya zege. Ndiyo maana unapima kabla. Kisha mimina ndani ya hodhi ndoo za lita ishirini, tatu tatu, mpaka kumi na moja, upime kila hatua, uache usiku kucha. Kwa slabu ya upana wa mita 3.6 ukuta hadi ukuta, kubonyea sentimita moja ndiyo mwisho wa uvumilivu, lakini hodhi peke yake likiongeza zaidi ya milimita moja au mbili, ondoa maji. Na sebuleni chini yake asikae mtu kuangalia mpira.

Nyumba ya sakafu ya mbao, kama za zamani: choma kwa bisibisi ncha za mbao zinapoingia ukutani, mchwa na unyevu huanzia hapo, na hodhi likingame mbao nyingi, lisilale juu ya mbili. Chini kabisa ardhini, tatizo ni kifusi ambacho hakikushindiliwa. Bafu juu ya baraza linaloning'inia nje, usiniulize.

Na bado hatujafika kwenye hita. Ile ya ukutani ni lita 30. Maji ya Arusha nyuzi 18, hita nyuzi 60, unataka kuoga kwa 40: kwenye lita 200 zaidi ya mia moja lazima zitoke kwenye hita. Raundi nne. Raundi ya tatu umeme umekatika, ya kwanza imeshapoa, na kesho ni siku ya mgao wa maji kwa hiyo mama kasema asiyafungulie mtu, yabaki humo humo ya kuoshea vyombo. Wiki nzima! Meku alikuwa ameshachukua fimbo yake, akarudi mlangoni kusema mzigo unaokaa wiki nzima hauhesabiwi kama mzigo wa nusu saa, zege nalo huchoka taratibu, lakini fundi alikuwa getini tayari anauliza ile elfu ishirini inatumwa kwa simu au kwa mkono.