Ritani ikishaenda bado inarekebishwa, acheni kuogopa

Kuna imani moja imeshika watu hapa Nakuru, ati ukishatuma ritani ya kodi kwa iTax, ule mtandao wa KRA (mamlaka ya ushuru), imeisha hiyo, ukiigusa tena unajiitia balaa. Kila Julai naisikia, kwa matatu za Free Area, kwa vibanda vya chai, hata kwa watu wamesoma vizuri, wanaambiana ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Mimi nakataa kabisa, juu naona watu wakiumia bure. Kwanza nani amelala? Mwajiri wako anapeleka PAYE, ile kodi unakatwa kwa mshahara, kila mwezi ifikapo tarehe 9, na PIN yako, ile namba ya mlipa kodi, iko hapo pamoja na mshahara na kodi uliyokatwa. Sasa wewe ukifaili nil, yaani useme hukupata kitu, na ulilipwa mwaka mzima, rekodi mbili zinagongana zenyewe, hakuna mtu anahitaji kuamshwa.

Na sheria iko upande wako. Ile ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakupa miaka 5 tangu ufaili, uombe kurekebisha hesabu uliyojifanyia mwenyewe. Lakini tarehe 30 Juni, mwisho wa kufaili, tunatangaziwa mpaka tunaikariri, hii haki ya kurekebisha nani anaitangaza? KRA wangeipigia kelele nusu tu ya venye wanapigia ile tarehe, watu wengi wangelala usingizi mzuri.

Kosa linaloniuma zaidi ni lile linakuja likifanana na bahati. Jirani yangu ni mwalimu, alihama shule moja ya kibinafsi mwisho wa Aprili akaingia nyingine, sasa wakati wa kufaili akabeba P9 (ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) ya shule mpya peke yake, miezi 8. Tuchukulie shule zote mbili mshahara wa kutozwa kodi ni 60,000 kwa mwezi, PAYE hapo ni kama 10,383. Fomu haijui kulikuwa na miezi mingine 4, inachukua 480,000 inaitandaza kwa mwaka mzima, inampa na rilifu, lile punguzo la kodi, ya mwaka mzima 28,800, halafu mwisho inaonyesha amekatwa kodi kupita kiasi, karibu 30,000. Kijana wa saiba akafurahi naye, "Mwalimu, hii pesa serikali lazima ikurudishie," na mama wa watu akaanza kupangia karo. Sasa weka P9 zote mbili uone, kodi ya mwaka inatoka karibu 124,600 na iliyokatwa ni 124,600, hakuna cha kurudishwa. Ile 30,000 haikuwahi kuwa yake. Angeiomba kama rifandi, yaani arudishiwe, ndio angeulizwa hiyo miezi 4 alikuwa wapi, na hapo anajibu akiwa amekaliwa na ofisa, badala ya kujirekebishia mapema na P9 mkononi.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ya kutisha. Unaingia iTax, kwa menyu ya Returns unachagua File Amended Return, unashusha ile fomu ya eksel, na pale mwanzo panapouliza aina ya ritani unachagua Amended badala ya Original, usipapite haraka hapo. Halafu unajaza ritani nzima upya, si ile laini ulikosea peke yake, yaani waajiri wote na PIN zao kwa ukurasa wa mshahara, kisha tena kwa ukurasa wa PAYE iliyokatwa, juu ukiweka mshahara na usahau PAYE yake fomu itakuambia unadaiwa kodi yote hiyo na ilishakatwa zamani. Kama kweli kuna kodi ilibaki, kuna penalti ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, kwa hivyo ukikaa nayo ukiogopa inaendelea kukua tu. P9 ya kazi ya zamani itafute mapema, Januari au Februari, kabla yule mtu wa mishahara unayemjua hajahama pia.

Watu wa saiba siwachukii, wametusaidia wengi. Lakini kumpa mtu PIN na paswadi akufailie ukiwa umesimama nyuma unaongea na simu, hapana. Keti naye. Mwambie akuonyeshe ukurasa wa mwisho wa hesabu kabla atume, na uulize kwa nini imetoka vile imetoka.

Na kuna kitu kingine nimekutana nacho sana nikisaidia watu: imeili iliyo kwa akaunti ni ya saiba ya miaka hiyo walifungua PIN, saiba yenyewe ilishafungwa, sasa kila barua na kila risiti inaenda kwa mtu hawamjui. Ingia kwa akaunti yako uangalie ni imeili ya nani iko hapo, na kama si yako ibadilishe kabla hujagusa hiyo ritani, juu risiti ya marekebisho pia itatumwa huko huko.